Nyumba ya mawe Bagamoyo: saruji, chokaa au vigae? Na uwanja wa mbele je?

Mjukuu wa Dunda
Wakuu, salaam. Tuna nyumba ya marehemu bibi Bagamoyo, mitaa ya zamani karibu na pwani. Kuta nene za matumbawe na chokaa, baraza mbele, bati juu. Upande wa barabarani rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na lipu ya saruji iliyopigwa zamani ukiigonga inalia utupu. Familia tumechanga, hela si ya kuchezea. Mafundi wananivuta huku na huku: mmoja anataka kubandua lipu mbovu na kupiga nyingine ya saruji, kisha puti na rangi ya nje. Wa pili anasema turudi kwenye chokaa. Wa tatu anataka kubandika vigae chini, juu rangi tu. Uwanja ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha maji yanasimama hadi barazani. Wadogo zangu wanataka pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika chini, kote, ukuta hadi barabara. Mnashaurije?

Fundi Mstaafu
Vigae futa kabisa. Ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka ardhini, na pwani maji hayo yana chumvi. Ukiuacha upumue, maji yanakaukia nje, chumvi inabaki juu, unaifagia. Ukiuziba, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea na chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma. Huo ndio utupu unaousikia. Na saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Siku ikibanduka inaondoka na nyama ya ukuta.

Piga chokaa. Sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa mtoni, wa ufukweni usiuguse. Tabaka nyembamba, ukuta uloweshwe kwanza, kisha ufunikwe magunia mabichi. Chokaa hukomaa kwa hewa, polepole, haiharakishwi.

Kisasa Tu
Mzee shikamoo, lakini huyo fundi wa chokaa siku hizi anapatikana wapi? Halafu chokaa ukiegemea inakupaka shati, na kila baada ya masika unarudia. Sisi nyumba ya Magomeni tulipiga saruji na rangi nzuri, mpaka leo inang'aa.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Ya Magomeni ni tofali za saruji au mawe?

Kisasa Tu
Tofali.

Fundi Mstaafu
Basi hapo saruji ni mahali pake, wala sibishani. Kuhusu kupaka shati: hiyo ni chokaa iliyopakwa nzito kwenye ukuta mkavu. Izimue iwe kama maziwa, paka mikono minne mitano, kila mara ukuta ukiwa na unyevu. Kurudia kupo, sikatai, lakini kazi yenyewe ni brashi na ndoo.

Mama Bustani
Mnabishana ukuta wakati ugonjwa unaanzia uwanjani. Mjukuu, chimba kidogo pembeni ya ukuta. Nyumba nyingi za zamani ardhi imepanda kwa vifusi na mchanga wa miaka, msingi umezama. Kama ndivyo, shusha udongo kwanza, ukuta upumzike. Kisha mteremko uelekee barabarani, kama sentimita 2 kwa kila mita, na bati lifungwe gata, mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Pevingi si mbaya, za milimita 60 zinatosha kwa watu na gari dogo. Ila zisifike ukutani! Acha utepe wa kokoto wa nusu mita. Mkifunika kote, unyevu wa ardhini utatokea wapi kama si ukutani? Tena mchana uwanja wote utakuwa tanuri. Mimi ningeweka njia ya pevingi hadi mlangoni, kwingine kokoto, na asumini mbali kidogo na baraza. Ukoka unataka maji kila kiangazi, nani atamwagilia ninyi mkiwa Dar?

Jirani wa Forodhani
Kabla ya kugusa baraza au mlango, ulizeni watu wa Idara ya Mambo ya Kale kama nyumba imo kwenye eneo la hifadhi. Kwetu Unguja, Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, huanzi kazi ya nje bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Na mlango kama ni wa nakshi, msiupake rangi ya mafuta, tafadhali.

Mjukuu wa Dunda
Shukrani nyote. Tumechimba leo: ardhi imepanda karibu mkono mzima. Tunaanza na udongo na gata, lipu baada ya masika. Wadogo wamekubali pevingi za njia tu, kwa manung'uniko. Mwenye kumjua fundi wa chokaa, Bagamoyo au hata Unguja, anitumie ujumbe.

Kisasa Tu
Na akipatikana mniunganishe, mama mkwe ana nyumba Pangani.