Naomba ushauri: maji yale yale, ya moto au ya baridi?

Wakuu, habari zenu. Nimekwama kwenye hoja ya falsafa, naombeni msaada.

Rafiki yangu anashikilia kwamba hakuna uhalisia nje ya fikra zetu. Silaha yake ni mfano wa maji alioutumia mwanafalsafa John Locke karne ya 17 (ingawa Locke mwenyewe aliamini vitu vipo nje yetu). Nimeujaribu kwa beseni tatu: mkono mmoja kwenye maji ya moto, mwingine kwenye ya baridi, kisha yote miwili kwenye ya vuguvugu. Kweli bwana, mkono uliotoka kwenye moto ukahisi baridi, wa pili ukahisi joto. Nilicheka peke yangu.

Nikamwambia kipimajoto kinasoma namba moja tu, hakijali mikono yangu. Akanigeuzia kibao: namba hiyo pia umeiona kwa macho yako, na tangu 1710 mwanafalsafa George Berkeley alishasema kuwepo kwa vitu tunavyovihisi ni kuhisiwa tu. Nikaleta hoja ya Plato, kwamba kama kila maoni ni kweli, basi hata ya anayekupinga ni kweli. Akajibu kuwa hiyo inamgusa Protagoras (Mgiriki wa kale aliyedai kila maoni ni kweli kwa mwenye nayo), si Berkeley. Hapo nikaishiwa. Kupiga jiwe teke ili kuonyesha kuwa lipo nako hakusaidii, maana maumivu ni hisia vilevile.

Maswali yangu:

Je, hisia kutofautiana kunatosha kuthibitisha kwamba kitu chenyewe hakipo nje ya akili, au amerukia hitimisho?

Na Berkeley anajibiwaje bila kurudi kuegemea hisia zilezile anazozitilia shaka rafiki yangu?