Kiswahili kimoja, majeshi matatu: operesheni ya pamoja hukwama wapi?

MkaaWete: Assalamu alaikum wakuu. Tunaandaa zoezi la mezani kwa wanafunzi wa diplomasia hapa Unguja. Vikosi vya Tanzania, Msumbiji na Komoro vinaokoa raia kisiwani. Suali langu: kwa kuwa wote wana watu wa Kiswahili au lugha jamaa zake, mpango mmoja wa Kiswahili hautoshi? Na hizo "tofauti za utamaduni" zikae wapi, maana naona kila mara husukumwa kwenye kiambatisho cha mwisho.

Mnadhimu_K: Waalaikum salaam. Sheikh, lugha iweke kando kwanza, anza na amri. Nchi ikitoa kikosi haitoi kamandi kamili. Mkuu wa misheni anakipangia kazi, mahali na muda, lakini nidhamu, vyeo na uamuzi wa kukirudisha nyumbani vinabaki kwa makao makuu ya nchi. Kila kikosi kina afisa mwandamizi wa kitaifa mwenye simu ya moja kwa moja na kwao. Amri inatoka, anajibu "ndiyo afande", kisha anatoka nje kupiga simu. Ile ndiyo ilikuwa ya heshima, siyo ya kukubali. Mpangaji asiyejua hilo anahesabu kombania ambayo hana.

Tazama Azimio 2098 la Baraza la Usalama la UN, la Machi 2013. Brigedi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi iliwekwa chini ya kamanda wa MONUSCO, misheni ya UN huko Kongo (DRC), na ruhusa ya kushambulia imeandikwa ndani ya azimio lenyewe. Novemba mwaka huo waasi wa M23 walishindwa. Mwaka 2015 dhidi ya FDLR, waasi wa Kinyarwanda waliokuwa Kongo, mambo yakawa mengine: Kongo iliteua majenerali wawili waliotuhumiwa kuvunja haki za binadamu, UN ikazuia msaada wake. Hapo utamaduni hauhusiki hata kidogo, ni sheria.

Kwa hiyo kabla ya ramani wape wanafunzi jedwali la masharti ya kila nchi: kipi hakiruhusiwi (doria za usiku, kukamata raia, kuvuka mpaka), nani anaweza kuliondoa sharti, jibu linachukua saa ngapi, na kikosi gani kinashika nafasi likikataliwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha wazi.

Na amueni mwavuli mapema. Nchi zenu tatu, Tanzania, Msumbiji na Komoro, zote zimo SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Komoro wamo pia kwenye kikosi cha dharura cha Afrika Mashariki, EASF, lakini Tanzania na Msumbiji hawamo.

Bi_Malindi: Kwenye lugha, ndugu yangu, Kiswahili kitakuponza kwa sababu kila mtu anadhani amefahamu. Chukua saa. Unaandika "kuondoka saa moja asubuhi". Kwetu hiyo ni 07:00. Mkalimani akiigeuza kwa Kireno neno kwa neno, inakuwa 01:00. Isitoshe Msumbiji wako nyuma yetu saa nzima. Andika 0400Z tu (Z ni saa ya kimataifa, UTC): Unguja na Moroni ni 07:00, Maputo 06:00.

Majina ya mahali nayo. Makao makuu ya SAMIM, kikosi cha SADC huko Msumbiji, yalikuwa Pemba, ile ya Cabo Delgado, si ya Wete na Chake! Kila jina lifuatwe na namba za gridi ya ramani: tarakimu 6 zinakufikisha ndani ya mita 100, tarakimu 8 mita 10. Namba zisomwe moja moja kwenye redio. Mkongo anayesema Kiswahili huhesabu mara nyingi kwa Kifaransa, na 70 kwake ni *septante*. Afisa wa Senegal anasema *soixante-dix*, yaani "sitini na kumi".

Usiulize "umefahamu?" Mtu mwenye adabu atasema ndiyo. Mwambie arudie amri kwa maneno yake, kisha aoneshe kwenye ramani.

MkaaWete: Ahsanteni sana. Ile operesheni ya Anjouan, kisiwa cha Komoro, ya 2008 inafaa kuwa mfano?

Mnadhimu_K: Inafaa, kwa tahadhari. Tarehe 25 Machi 2008 askari wa Komoro waliingia pamoja na wa Umoja wa Afrika, Watanzania na Wasudani wakiwemo. Wenyeji wa lugha na vichochoro walikuwa ndani ya kikosi chenyewe. Hata hivyo Kanali Bacar, mtawala wa Anjouan aliyeasi serikali ya Komoro, alikimbilia kisiwa cha Mayotte kilicho chini ya Ufaransa, kwa hiyo waulize wanafunzi nani alikuwa na zamu ya bahari.

Stoo_Mwembeni: Msisahau stoo. Risasi za 7.62 ziko za namna zaidi ya moja, mfano kasha la mm 39 na la mm 51. Fomu ikiandikwa "7.62" peke yake, masanduku yatafika yasiyoingia kwenye bunduki za jirani. Andika namba zote mbili, kipenyo na urefu wa kasha. Majeruhi wapangiwe kipimo cha UN cha 10-1-2: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, huduma ya juu ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Kama zoezi ni la Ramadhani, zamu za usiku ziachie nafasi ya daku. Na askari wanawake wa kupekua wanawake wawemo kwenye boti ya kwanza, ya pili imechelewa.