Hundi ya Khalfan: gumzo la kikundi cha familia, Mombasa

Khalfan: Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Ami Said. Mteja aliyeagiza vitanda sita kwa simu ameweka hundi ya shilingi 230,000 kwenye akaunti yangu leo mchana, ingawa tulikubaliana 180,000. Anasema mhasibu wake alikosea, na ananiomba zile 50,000 zilizozidi nimtumie kwa M-Pesa mwenye lori, ambaye sasa yuko mlangoni mwa karakana. Benki imeniletea ujumbe na salio limepanda. Nipakie?

Ami Said: Marahaba, mwanangu. Usipakie hata ubao mmoja wala usitume hata shilingi. Ujumbe huo umekuarifu kwamba hundi imepokewa, lakini haukusema kwamba imelipwa. Fungua akaunti utazame vizuri, utaona masalio mawili: lililoandikwa na lile unaloweza kulitoa.

Khalfan: Ni kweli, Ami. La kutoa ni lile lile la jana.

Ami Said: Basi hapo ndipo wanapowanasia watu. Tangu 2011 hapa Kenya karatasi ya hundi haisafirishwi tena. Benki iliyoipokea huipiga picha na kuituma kwa benki ya mwenye hundi, nayo kwa kawaida hujibu siku ya kazi inayofuata kama inalipa au inarudisha. Leo ni Ijumaa, kwa hiyo jibu ni Jumatatu, na mtu aliyeiweka hundi Ijumaa mchana ana siku mbili nzima za kutoweka na vitanda vyako. Hizo 50,000 ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu hundi ikirudi, benki itafuta 230,000 zote, na ulichotuma kwa simu kitakuwa kimetoka mfukoni mwako.

Shangazi Rukia: Msikilize ami yako, Khalfan. Mimi nilitoa mzigo wa leso kwa hundi iliyoandikwa tarehe ya mwezi uliofuata, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mtu wa kuaminika machoni pangu. Ilipofika siku yake ikarudi kwamba akaunti haina fedha. Nilipokwenda polisi ndipo nikaelezwa kwamba kifungu cha 316A cha sheria ya jinai humwadhibu mtoaji wa hundi isiyo na fedha kwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi 50,000, au vyote viwili, lakini hundi ya tarehe ya mbele haimo katika kosa hilo. Leso sikuziona tena.

Mwanaisha: Pole sana, Shangazi. Ami, nami huandika hundi za chama chetu cha akina mama. Nijilinde vipi?

Ami Said: Andika kwa wino usiofutika, anzia ukingoni kabisa mwa mstari, na nafasi inayobaki baada ya tarakimu na maneno ipige mstari, maana 8,000 yenye nafasi mbele yake hugeuka 88,000 kwa dakika moja. Chora mistari miwili ili hundi iingie kwenye akaunti tu, isilipwe taslimu dirishani. Ukikosea, iharibu uandike nyingine, kwani hundi yenye marekebisho haikubaliwi. Tena hesabu namba za kurasa mara kwa mara, kwa sababu mwizi anayejua kazi yake hachani ukurasa wa juu, huchana wa katikati au wa mwisho. Na katibu wenu asitie saini hundi tupu kwa kuwa anasafiri. Hilo nawasihi sana.

Mwanaisha: Katibu hufanya hivyo kila Ramadhani. Nitamweleza leo.

Khalfan: Nimemwambia mteja kwamba nitapakia hundi itakapolipwa, naye ameghadhibika, anadai lori linalipiwa kwa saa. Lori nimelirudisha tupu.

Ami Said: Umefanya vyema. Kesho saa tatu asubuhi nikukute tawini, tumwombe karani picha ya hundi tulisome jina la mwenye akaunti.