Pijo 504 inalia tapeti: kuseti, kubadili oili au kufungua hedi?

WaTudor
Salaam wakuu. Nina Pijo 504 saluni ya petroli, injini ya cc 1971, mojawapo ya zile zilizounganishwa hapahapa Mombasa. Ni gari la marehemu baba, kuuza sitaki. Tangu mwezi uliopita yalia tak-tak-tak upande wa juu, asubuhi zaidi, na nikipanda Daraja la Nyali mlio waingia mpaka ndani. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza ataka kuseti tapeti tu, yaani kurekebisha nafasi za vali. Wa pili asema nimwage oili nitie nzito zaidi. Wa tatu asema hedi, kile kichwa cha injini, ifunguliwe, na ikibidi nitafute injini ya mtumba. Gharama zimepishana sana. Nianze na lipi?

FundiMakupa
Pole ndugu. Usichague dawa kabla ya kujua ugonjwa. Hapo kwenye daraja pamenipa wasiwasi, kwa sababu tapeti haijali kama gari linapanda au linateremka. Inafuata kasi ya injini tu. Kamshafti, ile shafti inayofungua vali, huzunguka nusu ya mwendo wa krenkishafti, shafti kuu ya injini, kwa hivyo injini ikitulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika kila vali hufunguka mara 400, na mlio wake huwa mwepesi wa chuma chembamba. Mlio unaozidi ukikanyaga mafuta mlimani huwa ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi (bomba la kutolea moshi penye injini) inayovuja, au konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti. Ya konrodi ni nzito na inatoka chini.

Chukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha uiweke kwenye kava ya tapeti, kisha kwenye ubavu wa injini, kisha kwenye pampu ya mafuta. Ile pampu inasukumwa na kamshafti na ikichakaa hulia kama tapeti kabisa. Angalia nywele, nguo na mkanda wa feni.

MzeeWaBandarini
Mimi naomba huyo fundi wa oili asidharauliwe. Injini hizi zilizoea 20W-50, na kwa joto letu hiyo ndiyo yenyewe. Siku hizi wauzaji wanampa mtu oili nyepesi ya magari mapya, mzee wa miaka arobaini anatiwa 5W-30, halafu tunashangaa anapiga kelele. WaTudor, uliweka ipi mara ya mwisho?

WaTudor
20W-50, mzee wangu, na bado ni safi. Presha haijawasha taa.

BiKibokoni
Basi oili haina kesi hapa. Nakubaliana na Mzee kwamba oili nyepesi ikitolewa na kurudishwa ile inayostahili, hayo ni matengenezo. Lakini kutoka 20W-50 kwenda nzito zaidi, au kumimina zile chupa za kuzibia kelele, ni kuifunika. Injini hii haina tapeti za kujazwa na oili zinazojiseti zenyewe. Nafasi kati ya roka, yaani mkono mdogo unaoisukuma vali, na vali yenyewe ni ya chuma kwa chuma na hurekebishwa kwa mkono. Oili nzito itapunguza ukali wa mgongano kidogo, nafasi itabaki palepale, na asubuhi oili itachelewa kufika juu kwenye shafti ya roka, mahali ambapo tayari panalalamika.

Nitalisema hili kwa sababu wengi wanalipuuza: injini inayolia tapeti kidogo ni salama kuliko iliyonyamaza kupita kiasi. Nafasi ikiwa ndogo mno vali haikai vizuri kwenye kiti chake. Vali ya ekzosi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia kiti hicho, kwa hivyo isipokikalia huungua. Mwenye gari hufurahia ukimya, kisha nguvu zinapotea. Fundi akikuambia "nimezikaza hazitalia tena", muulize amezikaza kwa kipimo gani.

Kijana_Mikindani
Na ile habari ya petroli isiyo na risasi? Nilisikia ndiyo inayoua vali za magari ya zamani.

FundiMakupa
Risasi iliondolewa kwenye petroli Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Injini zenye hedi ya chuma cha kusubu, viti vya vali vikiwa vimechongwa humo humo kwenye hedi, ndizo zilizokuwa hatarini. 504 ina hedi ya alumini yenye viti vya kupachikwa. Isitoshe, kiti kikiliwa vali hupanda juu na nafasi hupungua, kwa hivyo injini hunyamaza. Haiwi na tak-tak.

WaTudor, fanya jaribio moja kabla ya kulipa mtu. Injini ikitulia, chomoa waya wa plagi moja, sikiliza, rudisha, nenda wa pili. Shika kwa koleo yenye mpira, si kwa mkono mtupu, na usikawie na kila waya. Mlio wa tapeti haubadiliki. Wa konrodi hupungua ukifika silinda yenyewe, na uvujaji wa ekzosi vilevile.

WaTudor
Nimefanya leo alfajiri. Silinda ya 2 nilipoitoa mlio ulipungua ila haukuisha. Kwenye manifoldi karibu na silinda hiyo kuna masizi meusi, na maji ya sabuni niliyopaka injini ikiwa baridi yalitoa povu mara tu nilipoiwasha. Kwa chini bisibisi haikunipa kitu. Kwa juu, tak-tak ndogo ipo bado.

BiKibokoni
Una milio miwili, mmoja umepanda juu ya mwingine. Ndiyo maana mafundi hawakuafikiana. Ule wa darajani ni gasketi. Bolti za manifoldi zipulizie dawa ya kutu tangu usiku, upepo wetu wa chumvi huzikamata na ukilazimisha zinakatika. Injini ya mtumba weka kando kabisa. Utanunua roka za mtu mwingine zilizochakaa bila kujua historia yake.

FundiMakupa
Sasa tapeti. Kipimo ni injini ikiwa baridi: inleti (vali ya kuingiza) milimita 0.10, ekzosi (vali ya kutolea moshi) 0.25. Kwa Mombasa baridi maana yake ni gari lililolala kivulini usiku kucha. Lililosimama juani saa sita halihesabiki. Silinda ya 1 kwenye Pijo hii iko upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, si mbele kwenye feni, na hapo ndipo wengi hukorogeka.

Zungusha injini mpaka vali ya ekzosi ya 1 ifunguke kabisa, useti inleti ya 3 na ekzosi ya 4. Ekzosi ya 3 ikifunguka, inleti ya 4 na ekzosi ya 2. Ekzosi ya 4 ikifunguka, inleti ya 2 na ekzosi ya 1. Ekzosi ya 2 ikifunguka, inleti ya 1 na ekzosi ya 3. Fila, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kusuasua. Ukirudisha kava, hakikisha mipira ya mirija ya plagi ni mizima, la sivyo oili itajaa kwenye mashimo ya plagi.

WaTudor
Gasketi mpya imeingia na darajani kumetulia. Tapeti tumeseti na fundi wa kwanza kwa vipimo hivyo. Saba zimenyamaza, ekzosi ya 3 bado yalia ingawa fila inaonyesha 0.25.

FundiMakupa
Ncha ya roka hiyo imechimbika. Fila ni bapa, inalala juu ya kingo za kishimo kama ubao juu ya mtaro, na nafasi halisi chini yake ni kubwa zaidi. Itoe uitazame kwenye mwanga, kisha itikise kwenye shafti usikie kama inacheza.

Kijana_Mikindani
Mashine za kuchonga wanaweza kuisawazisha, si ndiyo? Rahisi kuliko kununua.

BiKibokoni
Kama kishimo ni chepesi, sawa. Ugumu wa ncha uko kwenye ngozi ya juu tu. Ukichonga ukaupita unafika chuma laini, na roka itachimbika tena upesi kuliko mwanzo. Kishimo kikishika ukucha, tafuta roka nyingine. Wakati iko nje, chomoa pushirodi yake, ile fimbo inayoisukuma roka, uiviringishe juu ya kioo. Ikiyumba imepinda, na roka mpya peke yake haitakusaidia.