Naomba ushauri: nagonga milango ya Wamarekani Weusi kwa niaba ya chama, mama mmoja kaniuliza swali nimekwama

Mpwani_wa_Georgia
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko DeKalb, nje kidogo ya Atlanta. Uraia nimepata mwaka juzi, sasa najitolea kwenye kampeni ya Democratic. Msimamizi alinipanga mitaa ya Wamarekani Weusi, akasema, "Wewe ni mwenzao, watakusikiliza."

Juzi mama wa miaka sabini na kitu alinisikiliza mpaka mwisho, kipeperushi hakukipokea. Akaniambia: "Mwanangu, mtu wa chama chenu nilimwona hapa barazani uchaguzi uliopita. Kituo changu cha basi hakina kivuli, nasimama juani. Nani kwenu analijua hilo?"

Programu ya simu ina vitufe vya "anaunga mkono", "hajaamua" na "hayupo". Cha kituo cha basi hakuna. Nikabonyeza "hajaamua", nikaondoka. Roho inaniuma mpaka leo. Niendelee au niache? Nikirudi niseme nini?

Bi_Mkubwa
Marahaba mwanangu. Usiache, ila ujue umesimama wapi. Oktoba 1960 Martin Luther King alifungwa, na hakimu aliyempeleka gereza la Reidsville alikuwa wa hapo hapo DeKalb. John Kennedy, mgombea urais wa Democratic, akampigia simu Coretta, mke wa King, kumpa pole. Baba yake King alikuwa Republican, kura yake ilikuwa ya Nixon, mgombea wa chama hicho. Akatangaza wazi kwamba anampa Kennedy. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, vijitabu vya kusimulia habari hiyo viligawiwa kwenye makanisa ya Weusi. Huyo mama wakati huo alikuwa binti mdogo. Watu wa rika lake wanamjua aliyekuja wakati wa shida na aliyekuja kuomba.

Mzee_Houston
Mimi ni Republican, sifichi. Chama cha Lincoln, rais aliyepigana na utumwa; Weusi walioweza kupiga kura walikuwa wetu mpaka miaka ya 1930, enzi ya Rais Roosevelt wa Democratic. Mwaka 1964 tukamsimamisha Goldwater kugombea urais, aliyeipinga Sheria ya Haki za Kiraia iliyokataza ubaguzi wa rangi, tukawapoteza kabisa. Mwaka 2005 mwenyekiti wetu Ken Mehlman alikwenda mkutano wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, akakiri kwamba kutafuta kura kwa kugawa watu kwa rangi lilikuwa kosa. Nilifarijika sana. Lakini baada ya hotuba, nani alibaki mtaani? Vyama vyote viwili ni kumbikumbi, mvua ikikatika hawaonekani.

Salma_D
Kaka, hilo la "mwenzao" liache. Wazazi wao walizuiwa kupiga kura kwa kodi ya kupiga kura na mitihani ya kusoma, mpaka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Sisi tulikuja kwa ndege. Sema umetoka wapi, kisha uliza na usikilize. Biden alishinda Georgia kwa kura 11,779 mwaka 2020, na kazi ile haikuanza Oktoba, mwezi mmoja kabla ya kura: Stacey Abrams, mwanasiasa wa Democratic wa Georgia, na wenzake waliandikisha watu kwa miaka. Na siku ya kura usigawe maji kwenye foleni. Tangu 2021 sheria ya Georgia inakataza ndani ya futi 150 za kituo cha kupigia kura.

Mpwani_wa_Georgia
Asanteni sana, Bi Mkubwa nimekusikia. Leo asubuhi nimekwenda kwenye kile kituo cha basi: nguzo, kibao, majani makavu, hata benchi hakuna. Nimepiga picha na kuandika namba ya kibao. Jumamosi narudi kwa mama bila vipeperushi, nimwombe tuandike barua pamoja kwa diwani wake.