Mguu ulioteguka: je, mchuaji aruhusiwe kuushika siku ya kwanza?

Mtoa mada, Mbeya:

Ndugu wachangiaji, suala hili huzuka kila mara bodaboda anapoanguka kwenye utelezi wa Tukuyu au kijana anapoumia uwanjani: je, mchuaji wa mtaani aruhusiwe kuchua na kufunga kifundo cha mguu siku ileile kilipoumia? Wapo wanaotaka wachuaji wapigwe marufuku kabisa, na wapo wanaoamini kwamba hospitali haina cha kumzidi mzee aliyerithi kazi hiyo kwa babu yake. Msimamo wangu ni kwamba waachwe wafanye kazi yao, ila siku tatu za kwanza wasichue wala wasikaze mabanzi, kwa sababu maumbile ya mguu wenyewe hayaruhusu.

Chini ya ngozi na mafuta yake kuna utando mgumu uitwao fashia ya kina, ambao huizunguka misuli kutoka goti hadi kifundo na kuigawa katika vyumba vinne. Ukifika kwenye kifundo, utando huo hunenepa na kuwa mikanda iitwayo retinakula. Mbele iko miwili, wa chini ukiwa na umbo la herufi Y, nayo huzuia kano zinazonyanyua vidole zisiinuke kutoka kwenye mfupa. Upande wa nje, nyuma ya nundu ya mfupa, mikanda mingine hushikilia kano mbili za misuli ya pembeni. Mkanda wa juu ukichanika, kano hizo huweza kuruka juu ya nundu mtu anapokanyaga, na watu wakadhani ni mteguko wa kawaida. Upande wa ndani, mkanda unaotoka kwenye nundu hadi mfupa wa kisigino huezeka njia nyembamba mnamopita kano tatu, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu unaohudumia wayo.

Fashia hii haitanuki kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari. Damu ikivujia ndani ya chumba kimojawapo, au misuli ikivimba, shinikizo hupanda hadi damu ishindwe kupita katika vishipa vidogo, na hali hiyo ikidumu kwa takriban saa 6, misuli huweza kufa isipone tena. Kinachowadanganya wengi ni kwamba mapigo ya damu kwenye mguu huweza kuendelea kusikika. Dalili ya kuaminika zaidi ni maumivu yanayozidi kiasi cha jeraha, na yanayopanda sana mtu mwingine anapovuta vidole vya mgonjwa. Anayechua kwa nguvu wakati huo, kisha akakaza mabanzi kwa kamba, huongeza shinikizo kutoka nje juu ya lile la ndani, na mgonjwa akipiga kelele huambiwa avumilie, mfupa unarudi mahali pake. Hali hii ni adimu kwa mteguko mtupu na hutokea zaidi mfupa wa muundi unapovunjika, lakini siku ya kwanza uvimbe huweza kuficha tofauti hiyo.

Mchangiaji, Makete:

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini unazungumza ukiwa karibu na hospitali ya rufaa. Huku kwetu mvua ikikata barabara, mchuaji ndiye aliyepo, na hadai fedha ya eksirei. Isitoshe, hospitali nazo hufunga bandeji gumu, lile hogo, na watu hulia kwa kubanwa vilevile.

Mtoa mada:

Hoja ya hogo ni ya kweli kabisa. Ndiyo maana mguu unaoendelea kuvimba hufungwa nusu plasta kwa siku za mwanzo, na mgonjwa akilalamika kwamba anabanwa, bandeji yote hupasuliwa hadi kwenye ngozi. Ninachokataa ni kubana, awe anayebana ni mzee wa kijijini au tabibu mwenye koti jeupe.

Kuhusu eksirei, mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake nchini Kanada walichapisha kanuni za Ottawa, zinazotumia vidole na macho tu. Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya nundu ya nje, kisha ya ndani. Bonyeza mfupa wa navikula katikati ya mguu upande wa ndani. Bonyeza shina la mfupa wa kidole kidogo upande wa nje. Pakiuma penye mfupa, au mgonjwa akishindwa kupiga hatua nne, apelekwe kupigwa picha. Mchuaji mzoefu ana vidole vyepesi kuliko wengi wetu, na zahanati inaweza kumfundisha haya. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imekwisha kuwatambua watu hawa, hivyo kuwakaribisha kwenye mafunzo si kuvunja utaratibu wowote.

Mchangiaji, Iringa:

Je, katazo hilo linahusu pia kisigino kinachouma kwa hatua za kwanza za asubuhi?

Mtoa mada:

Hapana. Huo kwa kawaida ni utando wa wayo, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni, na kuunyoosha na kuuchua taratibu husaidia. Naomba anayepinga pendekezo langu aeleze ni lipi kati ya haya mawili, kusubiri siku tatu au kubonyeza sehemu nne, ambalo mchuaji wa Makete hawezi kulifanya.