Feni za kompyuta ya mezani: nizipange kwenye BIOS au kwa programu?

Mwana_Likoni
Wakuu, salaam. Kompyuta yangu ina feni 4: ya prosesa, mbili za mbele na moja ya nyuma. Hii ya nyuma inanguruma tangu naiwasha mpaka naizima, hata nikiwa naandika tu. Chumba hakina kiyoyozi na huku Mombasa ni kaskazi, kwa hiyo sitaki kupunguza upepo kwa kubahatisha. Nimetajiwa BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe, kabla Windows haijawaka), na programu za Fan Control na SpeedFan. Nyie mnatumia nini?

fundi_wa_mtaa
BIOS, ndugu yangu. Ukipanga huko, feni hazitegemei Windows. Windows ikiganda, mazabodi inaendelea kusoma joto na kuongeza kasi yenyewe. Programu ikiganda, feni zinaweza kubaki kwenye kasi ileile huku joto linapanda.

SpeedFan achana nayo. Ilitusaidia sana zamani, lakini imekaa miaka mingi bila toleo jipya, na kwenye mazabodi za sasa mara nyingi haizioni hata hizo feni.

Bi_Pikseli
Fundi, hapo umesema nusu. BIOS nyingi zinafuata joto la prosesa na la mazabodi, hazijui kadi ya grafiki ina hali gani. Mimi nahariri video. Kuna kazi ambazo kadi inafika nyuzi 78 na prosesa iko 50, na feni za kasha zimetulia kana kwamba hakuna kitu. Kwa Fan Control nimeziambia zifuate chenye moto zaidi kati ya viwili hivyo. Ni bure kwa matumizi binafsi.

Ila chukua toleo jipya. Mwaka 2025 Windows Defender ilianza kuizuia kwa sababu ya draiva yake ya zamani, WinRing0, yenye udhaifu wa kiusalama. Matoleo ya baadaye yamehamia draiva nyingine, PawnIO.

Na popote utakapopanga, weka ucheleweshaji wa sekunde chache. Ukifungua kivinjari, prosesa inaruka nyuzi 10 au 15 kisha inashuka hapo hapo. Bila ucheleweshaji feni inavuma, inanyamaza, inavuma tena. Inachosha kuliko kelele ya mfululizo.

penguini_mweusi
Kwa walio kwenye Linux: sakinisha lm-sensors (zana za kusoma vihisi vya joto na feni), endesha sensors-detect ivitafute, halafu pwmconfig ya kupanga kasi, mwisho huduma ya fancontrol. Pwmconfig husimamisha feni moja moja ili kujua ipi ni ipi, kwa hiyo usiiendeshe wakati mashine ina kazi nzito. Kero yake ni kwamba majina ya vihisi hubadilika: hwmon2 ya leo inaweza kuwa hwmon3 ukiwasha kesho, na fancontrol ikakataa kuanza. Kila baada ya kusasisha kiini (kernel) cha Linux, hakikisha inafanya kazi.

fundi_wa_mtaa
Mwana_Likoni, kabla hujasakinisha chochote: hiyo feni ya nyuma ina pini ngapi? Ya pini 4 hupokea amri ya kasi kwenye waya wa nne, na volti 12 hazibadiliki. Ya pini 3 hupunguzwa kwa kushusha volti tu. Ukiichomeka kwenye tundu lililowekwa PWM (hali ya pini 4), inapata volti 12 zote muda wote, na hakuna programu itakayoituliza.

Mwana_Likoni
Nimefungua kasha na tochi ya simu. Pini 3! Na kwenye BIOS tundu lake lilikuwa PWM. Nimegeuza kuwa DC (hali ya kushusha volti): imeshuka kutoka mizunguko 1,450 kwa dakika hadi 780. Prosesa ikiwa haina kazi ilikuwa nyuzi 46, sasa ni 48. Asante sana fundi. Dada Bi_Pikseli, kadi yangu ni ndogo, za mbele naziacha BIOS kwanza.

fundi_wa_mtaa
Vizuri. Sasa zima kompyuta kabisa, ngoja ipoe, uwashe huku unaiangalia hiyo feni. Kwa volti ndogo feni inayozunguka huendelea kuzunguka, lakini iliyosimama inaweza kushindwa kuanza. Ikisitasita, pandisha kiwango cha chini kidogo kidogo mpaka ianze yenyewe.